Ndoo Iliyotoboka

Ndoo ikitoboka, haijai. Unatia maji, yanavuja. Unaongeza, yanavuja. Mwishowe unachoka wewe, na ndoo iko palepale, tupu.

Wapo wanamuziki wa Dar es Salaam wanaoishi hivyo na mwenzao anayetumia unga, yaani heroini. Jana kaimba vizuri, leo arosto, mateso ya kukosa unga, imemkamata: makamasi yanamtoka, miayo haikatiki, mifupa inamuuma. "Kaka, nitoe na buku mbili, nikanywe chai." Unatoa. Chai hanywi. Anarudi. Unatoa tena. Siku moja maiki ya studio haipo, na kila mtu anajua ilikokwenda.

Hapo ndipo matusi huanza. Teja huyo! Mfukuzeni! Lakini unga hauachwi kwa matusi, ndugu yangu. Wala hauachwi kwa huruma ya buku mbili. Mwimbaji Ray C alisema hadharani kuwa unga ulimnasa, akatibiwa. Ilihitaji moyo, maana mashabiki wetu wana midomo.

Tiba ipo. Hospitali ya Muhimbili wanatoa methadoni, dawa ya kutibu uraibu huo, tangu 2011, bila malipo. Kwa kawaida mgonjwa anaenda kila siku, anakunywa dozi mbele ya muuguzi, arosto inatulia, anarudi kwake. Si ya wiki moja. Kwa wengi ni miaka. Atateleza, pengine zaidi ya mara moja.

Basi leo akikuomba hela, usimpe mkononi. Funga mlango wa studio, panda naye daladala, mfikishe kliniki. Na kesho mpigie simu, umuulize kama amekwenda.