Hamu ya Kale na Deni la Wafu: Suala la Maadili katika Filamu za Maafa ya Ndege

Mwanzoni mwa kitabu cha pili cha utenzi wake, De rerum natura, mshairi wa Kirumi Lucretius anamchora mtu aliyesimama ufukweni akikitazama chombo cha wenzake kikipigwa na dhoruba. Anadai kwamba kuna utamu fulani katika kutazama huko. Utamu huo hautokani na mateso ya walio chomboni, bali na utambuzi wa mtazamaji kwamba yeye ameepushwa na madhila hayo. Taswira hii yaweza kutumiwa kuueleza mvuto wa tanzia. Yaweza vilevile kuzieleza filamu za maafa ya ndege, utanzu uliostawi nchini Marekani kuanzia miaka ya 1950 hadi mwishoni mwa miaka ya 1970. Hata hivyo, katika filamu hizi limezuka jambo ambalo taswira ya Lucretius haikulitazamia. Mtazamaji wa leo, anayezirudia filamu hizo miaka hamsini baada ya kutengenezwa, hatosheki na kukaa ufukweni. Anatamani laiti angalikuwamo chomboni.

Hali hiyo ina jina lake. Mwaka 1688 mwanafunzi wa utabibu, Johannes Hofer, aliwasilisha tasnifu huko Basel ambamo aliunda istilahi ya nostalgia kutokana na maneno mawili ya Kiyunani, moja likiwa na maana ya kurejea nyumbani na jingine la uchungu. Kwake yeye huo ulikuwa ugonjwa wa watu walio mbali na kwao. Baadaye dhana hiyo ilihama kutoka mahali ikaangukia wakati, na ndiyo inayoitwa hapa hamu ya kale. Mwenye hamu hii haulilii mji aliouacha. Huulilia muda asioweza kuurudia, na mara nyingi muda ambao hata hakuuishi. Swali la kimaadili linalozuka ni hili: je, ni halali kuutamani wakati kwa kuburudika na picha za maafa yake?

Kwanza yafaa kubainisha kinachotamaniwa. Katika filamu kama The High and the Mighty ya mwaka 1954 na Airport ya mwaka 1970, mtazamaji huwaona abiria waliovaa suti na kofia, wahudumu wanaowajua abiria kwa majina, chakula kinacholiwa kwa sahani na vijiko vya maana, na rubani anayetoka katika chumba chake kuja kuwatuliza wasafiri. Anapoilinganisha hali hiyo na foleni za ukaguzi, viti vilivyobanana na tiketi zinazouzwa na kompyuta, huona kwamba kuna staha iliyopotea. Huu ndio usomaji wa kwanza wa hamu hiyo, nao ni dhaifu.

Udhaifu wake ni wa kihistoria. Staha hiyo ilikuwa ya watu wachache. Afrika Mashariki yenyewe ilikuwa kwenye njia za ndege hizo tangu mapema. Katika miaka ya 1930 ndege za Imperial Airways zinazotua majini zilipitia Kisumu zikielekea kusini mwa bara. Mvuvi aliyezitazama zikitua ziwani alikuwa ufukweni kwa maana halisi ya neno hilo. Utawala uliozileta haukumwekea kiti ndani yake. Mtu anayeulilia wakati ule pasi na kujiuliza ni nani aliyeruhusiwa kupanda, huwa anakililia cheo ambacho, kwa uwezekano mkubwa, yeye mwenyewe asingalipewa.

Aidha, wakati huo ulikuwa wa hatari kuliko huu. Mnamo Mei 2, 1952, ndege ya Comet iliyosajiliwa kwa alama G-ALYP iliondoka London kuelekea Johannesburg, ikipitia Entebbe miongoni mwa vituo vingine. Hiyo ndiyo iliyokuwa safari ya kwanza ya abiria ya kibiashara kwa ndege ya jeti. Ndege hiyo hiyo ilivunjika angani karibu na kisiwa cha Elba mnamo Januari 10, 1954, na watu wote 35 waliokuwamo wakafa. Leo safari za ndege ni nyingi mara dufu kadhaa kuliko wakati ule, ilhali uwezekano wa abiria kufa katika safari moja umepungua mno. Usalama unaomwezesha mtazamaji kuziona filamu hizi kwa raha ulinunuliwa kwa vifo vya watu wa zama anazozitamani.

Je, hoja hizi zinatosha kuitupilia mbali hamu yenyewe? La. Zinathibitisha tu kwamba usomaji wa kwanza haukitambui kiini chake. Ukichunguza msuko wa filamu hizi utaona kwamba starehe huonyeshwa katika dakika za mwanzo tu, kisha huharibiwa. Kinachobaki ni watu wanaowajibika mbele ya wenzao. Katika The High and the Mighty, injini inaharibika baada ya ndege kupita mahali ambapo ingaliweza kurudi Honolulu. Abiria wanaitupa mizigo yao baharini ili kuipunguzia ndege uzito, na mali iliyowatofautisha inatoka mlangoni. Katika Airport, mtu asiye na kazi anapanda ndege na bomu mkobani baada ya kununua bima ya maisha, akikusudia mkewe afaidike kwa kifo chake. Bomu linalipuka, yeye peke yake anakufa, na ndege inafaulu kutua katika theluji. Abiria wanaposhuka, yule mke, aliyechezwa na Maureen Stapleton, anawaendea akilia na kuwaomba radhi kwa tendo ambalo hakulitenda.

Onyesho hilo ni fupi, lakini ndilo lenye uzito mkubwa zaidi wa kimaadili katika filamu nzima. Mwanamke huyo hana hatia. Ndiye pia aliyepoteza mume. Hata hivyo anasimama mahali ambapo walioumizwa wanaweza kuuona uso wake. Hapa ndipo hamu ya kale inapopata uhalali wake. Kinachotamaniwa si sahani wala suti, bali ulimwengu ambamo madhara yana mtu wa kuyajibu. Kwa maana hiyo, hamu hii ni hukumu juu ya wakati uliopo zaidi ya kuwa kumbukumbu ya wakati uliopita.

Lakini hukumu hiyo nayo inastahili kuhojiwa, kwa kuwa filamu hizi huelekea kumkabidhi mtu mmoja jukumu la wote. Waswahili husema kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama, na utanzu huu unaonekana kuuafiki msemo huo. Katika Airport 1975, ndege ndogo inaigonga Boeing 747 kwenye chumba cha marubani. Mhudumu Nancy Pryor anaishika ndege hiyo na kuizuia isianguke, akielekezwa kwa redio. Hata hivyo msuko haumwamini kuitua. Mwanamume anateremshwa kutoka ndege nyingine na kuingizwa kupitia tundu, ndipo anapokikalia kiti na kuyamaliza yaliyoanzwa na mwanamke. Usawiri huu unamfanya nahodha kuwa mkombozi, na wengine wote kuwa watu wa kusubiri kuokolewa.

Historia iliupinga usawiri huo kwa namna ya kutisha. Filamu hiyo ilitolewa Oktoba 1974. Mnamo Novemba 20 mwaka huohuo, Boeing 747 halisi iliyokuwa ikielekea Johannesburg ilianguka mara tu baada ya kuruka kutoka uwanja wa ndege wa Nairobi. Kati ya watu 157 waliokuwamo, 59 walikufa. Huo ulikuwa mwanzo wa vifo katika ajali za ndege za aina hiyo. Hakukuwa na dhoruba wala mgongano. Sehemu za mbele za mabawa zinazoisaidia ndege kunyanyuka hazikuwa zimefunguka, na marubani hawakupata onyo lolote. Baada ya ajali hiyo, mfumo wa kuwaonya marubani uliongezwa katika ndege hizo. Abiria waliofuata hawakuokolewa na shujaa aliyeingia kwa kamba. Waliokolewa na kitu kidogo kilichowekwa kwa sababu ya waliokufa Embakasi.

Ajali ya Tenerife ya Machi 27, 1977, iliyoua watu 583, ilikwenda mbali zaidi katika kuivunja itikadi ya nahodha pekee. Ndege ilipokuwa imeanza kuondoka katika ukungu, mhandisi wa safari aliuliza iwapo ndege nyingine ilikuwa imekwisha kuiacha njia. Rubani mkuu alijibu kwa uhakika kwamba imetoka, na hapakuwa na aliyeendelea kumpinga. Miaka michache baadaye kampuni za ndege zilianza kuwafunza marubani wasaidizi kusema, na marubani wakuu kusikiliza. Msemo wa manahodha wengi haukubatilishwa na tukio hilo. Ulifafanuliwa tu: unakataza wengi kuamuru, haukatazi wengi kuona. Na filamu zenyewe, zikitazamwa kwa makini, zilikuwa na chembe ya maarifa hayo. Anayeiokoa ndege katika The High and the Mighty ni rubani msaidizi anayethubutu kumzuia mkuu wake aliyeingiwa na hofu. Kosa la mwenye hamu ya kale ni kwamba hukumbuka unahodha na kusahau upinzani huo.

Pengine mtu atasema kwamba mjadala huu umepitwa na wakati, kwani filamu ya vichekesho Airplane! ya mwaka 1980 ilizizika filamu hizo kwa kicheko. Kweli, waliyoitunga waliufuata kwa karibu sana msuko wa Zero Hour!, filamu isiyo na mzaha ya mwaka 1957, na wakamtumia Robert Stack, yule yule aliyekuwa rubani mkuu mwenye hofu mwaka 1954. Dhihaka hiyo ilithibitisha kwamba taadhima ya filamu hizi ilikuwa suala la fani. Lakini hamu haikufa. Watu hucheka, kisha huzirudia zile za awali. Hii ni ishara kwamba maudhui yake yana jambo ambalo kicheko hakikuligusa.

Jambo hilo linaonekana wazi zaidi katika filamu isiyo na fahari kubwa, No Highway in the Sky ya mwaka 1951, iliyotokana na riwaya ya Nevil Shute, aliyekuwa mhandisi wa ndege. Mhusika mkuu, Honey, ni mtafiti msahaulifu anayeamini kwamba mkia wa ndege ya aina mpya utakatika kwa uchovu wa metali. Akiwa safarini anagundua kwamba ndege aliyoipanda ni ya aina hiyo, na kwamba imekaribia saa alizozikadiria. Inatua salama Gander, inakaguliwa, na inaruhusiwa kuendelea. Ndipo Honey anapoikunja makusudi miguu ya ndege ingali chini, ikalala kifudifudi isiweze kuruka tena. Wengi wanamdhania mwendawazimu.

Ushujaa wa Honey unatofautiana na ule wa manahodha kwa sababu hauna mashahidi. Hakuna maafa, kwa hiyo hakuna wa kumshukuru. Filamu nyingi za utanzu huu huanza hatari inapokwisha kufika, na huuliza nani atathubutu. Hii huuliza nani atasikiliza kabla hatari haijafika. Swali hilo lilikuwa halisi miaka mitatu baadaye. Baada ya ajali ya Elba, ndege za Comet zilisimamishwa, kisha zikarudishwa angani mwezi Machi 1954 ilhali chanzo hakijajulikana. Mnamo Aprili 8 nyingine ilivunjika karibu na Napoli, watu 21 wakafa. Uchunguzi ukabaini uchovu wa metali.

Kipindi hicho cha kati, baina ya ajali ya kwanza na ya pili, ndicho kiini cha suala zima la maadili ya usafiri wa anga, nacho hakikuishia mwaka 1954. Oktoba 29, 2018, Boeing 737 MAX ilianguka katika bahari ya Java na kuua watu 189. Ilijulikana kwamba mfumo mmoja wa kompyuta ulikuwa umeisukuma pua ya ndege chini kwa kutegemea kipima kimoja kilichokosea, na kwamba marubani hawakuwa wameelezwa kuwapo kwake. Ndege za aina hiyo ziliendelea kuruka. Machi 10, 2019, nyingine iliyotoka Addis Ababa kuja Nairobi ilianguka na kuua wote 157, wakiwamo Wakenya 32, idadi kubwa kuliko ya taifa jingine lolote. Baadaye kampuni iliyoitengeneza iliomba radhi, na mwaka 2021 ikakubali kutoa zaidi ya dola bilioni 2.5 katika maafikiano na Wizara ya Sheria ya Marekani. Palikuwa na kiasi kilichohesabiwa. Uso wa kukiri, kama ule wa mwanamke wa Airport miongoni mwa abiria, ni vigumu kuutaja.

Kwa hiyo, msomaji wa Nairobi anayezitazama filamu hizi hayuko ufukweni kwa namna alivyodhani Lucretius, kwani chombo kilichozama kilikuwa kikija kwake. Haina maana kwamba azikatae. Hamu ya kale ni halali inapokuwa hamu ya wajibu, na inapokubali kwamba kila raha ya mtazamaji ina deni kwa watu ambao safari zao hazikufika. Deni hilo halilipwi kwa kuwatamani manahodha wa zamani. Hulipwa katika kipindi cha kati, pale mtu mmoja anapotoa onyo lisilopendeza na wenzake wakakubali ndege isiruke.