Johari na Rangi Yake

Katika Kiswahili, johari ni kito. Kwa Ibn Sina na wanafalsafa wenzake walioandika kwa Kiarabu, jawhar ilikuwa pia kitu kinachosimama chenyewe na kubeba sifa zake zote. Sifa iliyobebwa waliiita aradh, na mfano wao wa kila mara ulikuwa rangi.

Basi yawekwe mezani mawe matatu ya rangi ya waridi. La kwanza limetoka Kolwezi, Kongo. La pili ni la Capillitas, Argentina, lenye miviringo kama kitunguu kilichokatwa. La tatu ni rodoniti, yenye mishipa myeusi. Je, waridi ndiyo johari yao?

Macho hayatoshi kujibu. Ncha ya kisu huyachora mawili ya kwanza kwa urahisi, lakini rodoniti hustahimili. Tone la asidi baridi, isiyo kali, likidondokea jiwe la Kolwezi, povu huchemka papo hapo. La Capillitas hutoa viputo vichache, vya kusitasita, mpaka asidi ipashwe moto. Rodoniti hukaa kimya, kwa kuwa ni silikati, si kaboneti. Kisha uzito: la Kolwezi ni kama mara 2.7 ya maji, la Capillitas karibu 3.7. Mwanazuoni Al-Biruni alikwisha kuvipima vito kwa njia hiyo katika karne ya 11.

Jiwe la Kolwezi, kumbe, ni kalsiti, ndugu wa marumaru, iliyotiwa rangi na kobalti kidogo. Kobalti isingekuwamo, kalsiti ingebaki kalsiti, nyeupe tu. Hapo waridi ni aradh kweli.

La Capillitas ni rodokrositi, kaboneti ya manganizi, na manganizi hiyohiyo ndiyo inayolipa rangi. Ukiiondoa, hakuna jiwe linalobaki. Waridi ileile, ambayo kwa jirani ni pambo, hapa inachipuka kutoka katika kiini.

Hata hivyo kiini chenyewe hakina ukuta. Chuma huweza kuchukua nafasi ya manganizi kidogo kidogo, bila fuwele kubadili mpangilio wake. Kikizidi nusu, wataalamu huliita jiwe sideriti. Uwiano wa chuma na manganizi umo ndani ya jiwe, lakini nusu imechaguliwa na binadamu. Kipande chenye manganizi asilimia 51 na kingine chenye 49 vinalingana kwa ugumu, kwa uzito, hata kwa povu. Jina pekee ndilo limebadilika.