Apigaye Mbio Naye Ana Nyumba

Somo: 1 Wakorintho 9:24-27



Mtume Paulo alipowaandikia Wakorintho habari za wapiga mbio, hakunena na watu wasiolijua jambo hilo. Karibu na mji wao, mahali palipoitwa Isthmia, mashindano yalifanywa kila baada ya miaka miwili, na mshindi alivikwa taji ya majani. Majani yale yalinyauka upesi. Lakini kwa ajili yake mtu alijinyima mambo mengi. Paulo hakuwacheka watu hao. Aliushika mfano wa kujizuia kwao ili sisi tuamke.

Siku hizi mbio zimekuwa kazi. Katika Arusha na Manyara, na ng'ambo ya mpaka kule Eldoret na Iten, vijana wake kwa waume hutafuta riziki kwa miguu yao. Mtu wa marathoni, mbio za kilometa 42 na mita 195, huamka kabla ya jua. Hula kwa kipimo na kulala kwa kipimo, na mara nyingi hukaa kambini, mbali na kwake. Nao waliobaki nyumbani, sehemu yao ni ipi?

Mama mmoja, mke wa mpiga mbio, alitujia na swali hilo. Alisema, "Baba Mchungaji, mume wangu si mlevi, wala hatunyimi fedha. Lakini ratiba yake imebandikwa ukutani. Nimeisoma yote, saa kwa saa. Sisi hatumo."

Tulinyamaza kitambo, kwa maana neno lile lilituchoma sisi wenyewe. Sisi nasi tulikuwa na daftari la safari za mitaani: ubatizo hapa, mazishi pale, mkutano wa wazee kule. Jioni moja tuliporudi baada ya majuma mawili, mtoto wetu mdogo alikimbia ndani akamwambia mama yake, "Mgeni amefika." Tulicheka siku ile. Tulipomsikia mama huyu, hatukucheka tena. Paulo mwenyewe aliogopa asije akawahubiri wengine, kisha yeye akakataliwa. Naye alimfundisha Timotheo kwamba asiyejua kuisimamia nyumba yake mwenyewe hawezi kulitunza Kanisa la Mungu.

Je, hao wenye mwendo mkubwa wafanyeje? Tumtazame Eliud Kipchoge wa Kenya, aliyeshinda marathoni ya Olimpiki mwaka 2016 na tena mwaka 2021. Kwa miaka mingi alikaa kambini Kaptagat siku za juma, akarudi Eldoret kwa mkewe na watoto wao watatu mwisho wa juma. Tarehe 12 Oktoba 2019, mjini Vienna, aliumaliza mwendo wa marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Mkewe na watoto walikuwako, nao ndiyo mara yao ya kwanza kumwona akishindana mbele ya macho yao. Fikirini jambo hilo: ulimwengu ulikuwa umemtazama miaka mingi, na watu wa nyumbani mwake walikuwa wakingoja. Hatuneni hivyo ili kumlaumu. Twaona ya kuwa juma lake lilikuwa na mwisho, na siku ya kurudi ilijulikana.

Mtazameni pia Faith Kipyegon. Alishinda mbio za mita 1500 katika Olimpiki ya mwaka 2016. Mwaka 2018 akajifungua binti. Kisha akarudi akashinda tena mwaka 2021 na mwaka 2024. Mumewe, Timothy Kitum, naye alipata medali ya shaba ya mita 800 London mwaka 2012. Basi mtoto si adui wa mbio. Lakini mama aendapo kambini, iko mikono mingine impakatayo mtoto, na mikono hiyo haivikwi medali. Mungu aiona.

Luther alipoandika Katekisimo Ndogo mwaka 1529, hakuwapa wachungaji peke yao. Aliiweka mikononi mwa baba wa nyumba, awafundishe watu wake. Baba asiyekuwapo atafundishaje? Fedha yaweza kutumwa kwa simu. Kumwombea mtoto huku mkono wako u juu ya kichwa chake, hakutumwi.

Basi yatupasa mambo matatu. Kwanza, yeye ajizuiaye kwa ajili ya taji, na ajizuie pia kwa ajili ya nyumba: aiwekee saa yake, aishike kama ashikavyo saa ya mazoezi. Pili, mume na mke wakae pamoja kuhesabu fedha ya ushindi, kila mmoja akijua imekwenda wapi. Kwa maana miguu huchoka mapema, bali nyumba hubaki. Tatu, ninyi walimu na wazee, kijana ashindapo msimshangilie yeye tu kanisani. Nendeni kwake siku asipokuwapo, mkaulize hali ya waliobaki.

Yule mume tulimwita. Hakukasirika. Alisema alidhani nyumba haihitaji kuandikwa, kwa kuwa iko daima. Tulimwambia kwamba sisi nasi tulidhani hivyo. Akaomba kalamu, akaandika katika ratiba yake: Jumapili, ibada na nyumbani. Nasi usiku ule tulilifungua daftari letu, tukaandika la kwetu.

Bwana atupe kuumaliza mwendo bila kuwaacha njiani wale aliotukabidhi. Amina.