Mretemu Haujafa

Neno: 1 Wafalme 19:1-8

Tumehubiri sana juu ya Eliya na moto wa Karmeli. Leo niruhusuni nikae na kile kimti alichoketi chini yake siku alipomwomba Mungu amwondolee uhai.

Biblia inakiita mretemu. Unaota jangwani Negebu, kusini ya Beer-sheba, na kule Sinai, mahali ambapo kiangazi kizima hakinyeshi hata tone. Usifikirie mwembe, kivuli chake ni hafifu. Ukiuona utasema ni ufagio uliosimikwa mchangani: vijiti vitupu. Majani yake ni madogo sana na huyaangusha mapema, maana jani ndilo hupoteza maji. Sasa unakula nini? Hapo ndipo mimi nilishangaa. Shina lenyewe ni la kijani, na ndilo linapokea jua na kutengeneza chakula. Hata vitundu vyake vya kupumulia vimejificha ndani ya vifereji vya vijiti hivyo, upepo mkavu usivifikie. Huku chini, mizizi imekwenda mbali kutafuta maji. Na baridi inapoelekea kuisha, vijiti hivyo hivyo vinajaa maua meupe.

Wacha niseme ukweli. Miaka kadhaa iliyopita kulikuwa na dada wa kwaya aliyeacha kuimba, akawa anakaa kiti cha nyuma, sadaka hatoi. Mimi, mchungaji wake, nikamwita nikamwambia amerudi nyuma. Hakujibu. Baadaye nikasikia kwa wengine: alikuwa amefutwa kazi, nauli hana, na kila Jumapili alitembea kwa miguu zaidi ya saa moja aje kanisani. Nilikuwa natafuta majani, kumbe mtu amebaki na shina. Nilienda kwake kuomba msamaha.

Angalieni, malaika hakumuuliza Eliya mbona ameacha huduma. Alimgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena, kisha akarudi na chakula mara ya pili. Maswali yalingoja mpaka Horebu, siku 40 mbele.

Kwa hiyo kama leo ni wewe uko chini ya mretemu, sikuulizi kitu. Nanyi mlioketi karibu na mtu aliyenyamaza, tafadhali msimhubirie. Jumapili hii kutakuwa na kikapu mlangoni, upande wa kulia. Aliye na unga, maharagwe au mafuta, alete. Anayehitaji achukue, hakuna atakayeandika jina.