Alikuokoa, Lakini Alikuuliza?

Wiki hii tuongee kuhusu riwaya za mapenzi. Usicheke, najua ziko kwa mikoba, na si ya akina dada peke yao.

Chukua Redeeming Love ya Francine Rivers, iliyotoka 1991 na kufanywa filamu 2022. Mwandishi ameichukua hadithi ya Hosea na Gomeri akaipeleka California, wakati watu walikuwa wanakimbilia dhahabu. Mkulima Michael anasikia Mungu akimwambia amwoe Angel, msichana aliyeuzwa kwa ukahaba tangu utotoni. Anamwoa akiwa hoi kwa kipigo, hata kujitambua ni shida. Akitoroka, anafuatwa.

Najua mwishoni Angel anarudi kwa hiari yake. Lakini msomaji wa miaka 19 hukumbuka zaidi hii: mwanamume akikuokoa, wewe ni wake.

Dada mmoja aliniuliza, "Pasta, amenilipia karo mpaka nikamaliza. Sasa anasema Mungu amemwonyesha mimi ni mke wake. Kweli naweza kukataa?" Mimi nilisomea biashara, nikamjibu hivyo hivyo: kama ilikuwa zawadi, haina deni. Kama ilikuwa mkopo, utalipwa kwa pesa, hata kama ni pole pole. Wewe hukuwekwa dhamana.

Ndoa ya Hosea ilikuwa ishara kwa Israeli, si mwongozo wa uchumba. Ukitaka uchumba fungua Mwanzo 24. Mtumishi wa Ibrahimu amefika na ngamia 10. Ameomba, amejibiwa pale pale kisimani, na jamaa za msichana wamekubali. Nani angethubutu kuuliza swali lingine? Na bado asubuhi wanamwita Rebeka wamwulize mwenyewe kama atakwenda. Angekataa je? Ibrahimu alikuwa ameshalijibu hilo katika mstari wa 8: mwanamke asipotaka, mtumishi amefunguliwa kiapo. Hakuna kumfuata, hakuna "Mungu aliniambia."

Hata Yesu, Bartimayo kipofu amesimama mbele yake na shida inaonekana na kila mtu, anamwuliza kwanza anataka afanyiwe nini. Akishamponya anamwambia aende zake. Bartimayo ndiye aliyeamua kumfuata njiani (Marko 10:51-52).

Sasa ndugu zangu, wale mnaosaidia dada fulani na mna mpango wenu pembeni: mwambieni kabla ya kulipa karo ya muhula ujao, ndiyo akikataa msaada, akatae mapema.