Ujira wa Mgonjwa Aliyeambiwa Arudi Nyumbani

Katika ukanda wa dhahabu unaotoka Kahama na Msalala, mkoani Shinyanga, hadi Geita na vilima vyake, nguvu za mwili ndizo mtaji wa kwanza wa mfanyakazi, na mtaji huo unapopungua kwa maradhi huzuka swali ambalo kila kaya yenye mtu mgodini imewahi kujiuliza: siku ambazo mgonjwa hakushuka shimoni zinalipwa na nani? Jibu likiwa kwamba hazilipwi na mtu yeyote, maana yake halisi ni kwamba zinalipwa na kaya yenyewe, kwa ng'ombe anayepelekwa mnadani kabla ya wakati wake na kwa mpunga unaouzwa ilhali ulikuwa umewekwa kwa chakula.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haikuliacha jambo hilo mikononi mwa huruma. Inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika kila mzunguko wa likizo, ambao kwa ugonjwa ni kipindi cha miezi 36. Siku 63 za kwanza hulipwa mshahara kamili na 63 zinazofuata hulipwa nusu. Sharti kuu ni cheti cha tabibu aliyesajiliwa, kile ambacho wafanyakazi wengi hukiita ED, kwani pasipo cheti hicho mwajiri halazimiki kulipa. Hivyo basi, mtu aliyelala siku kumi akitibiwa kwa mizizi na kurudi kazini mikono mitupu, hata kama aliugua kwelikweli, amejinyima mwenyewe ushahidi ambao sheria inautaka.

Ugumu mkubwa zaidi, hata hivyo, huanzia pale mgonjwa anapopona. Mfanyakazi hufika getini na barua ya daktari inayosema anaweza kurejea kazini, lakini msimamizi humwambia arudi nyumbani akasubiri kuitwa, pengine hadi zahanati ya mgodi imchunguze upya. Tahadhari hiyo ina msingi, kwa maana mtu mwenye kizunguzungu chini ya ardhi, au kwenye usukani wa lori la kubebea mawe, anahatarisha wenzake pia, na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 yenyewe inahimiza uchunguzi wa afya kwa wafanyakazi. Lakini gharama ya tahadhari ni ya yule anayeihitaji. Mkataba wa kazi ni ahadi ya kubadilishana utumishi na ujira, na mfanyakazi aliyejitokeza akiwa mzima na tayari ametimiza upande wake. Kumzuia kwa uamuzi wa mwajiri hakumrudishi katika likizo ya ugonjwa, na siku zile za kusubiri hazistahili kukatwa katika mshahara wake wala katika siku zake 126. Uchunguzi ukionyesha kwamba bado hajapona, hapo ndipo hesabu ya likizo ya ugonjwa huendelea.

Iwapo daktari ameandika kwamba apewe kazi nyepesi, Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinamtaka mwajiri apime ukubwa wa ugonjwa, atafute namna ya kurekebisha kazi au kumpatia nyingine, na amsikilize mfanyakazi pamoja na mwakilishi wake kabla ya kufikiria kumwachisha. Amri ya kurudi nyumbani inayotolewa kwa simu, bila tarehe na bila maandishi, mara nyingi ni kuachishwa kazi kulikovikwa joho la uangalizi wa afya.

Ugonjwa uliotokana na kazi yenyewe, kama vile silikosisi, yaani kukakamaa kwa mapafu kutokana na vumbi la mawe yenye silika, una njia yake. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 iliunda Mfuko unaochangiwa na waajiri, na mtu aliyeshindwa kufanya kazi kwa muda hulipwa asilimia 70 ya mapato yake kwa kipindi kisichozidi miezi 24, bila kulazimika kuthibitisha uzembe wa mwajiri.

Nje ya uzio wa migodi mikubwa, katika maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo, ya Nyarugusu, Rwamgasa na Mgusu, hali ni ngumu kuliko yote yaliyotajwa. Huko ujira ni mgao wa mawe, na aliyeugua hukosa mgao, kwa hoja kwamba yeye ni mbia wala si mwajiriwa. Wapo wabia wa kweli, wenye sauti katika maamuzi na wanaobeba hasara pamoja. Lakini kijana anayeshuka anapoamriwa, kwa zana na chakula cha mwenye duara, hana ubia wowote zaidi ya jina. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 inamchukulia mtu kuwa mwajiriwa, hadi ithibitishwe vinginevyo, pale saa au namna yake ya kufanya kazi inapodhibitiwa na mwingine, au pale alipomfanyia kazi mtu huyo kwa wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Wachimbaji wengi wa maduarani hupitisha saa hizo ndani ya wiki moja. Kikwazo ni kwamba haki ya likizo yenye malipo humtaka mfanyakazi, kwa kawaida, awe ametimiza miezi sita ya utumishi, na katika maduara hakuna daftari linaloonyesha nani alianza lini. Maofisa Kazi wa Shinyanga na Geita wangefanya jambo kubwa kama wangewataka wenye leseni watunze daftari hilo.

Muda nao haumsubiri mgonjwa. Anayedai kuachishwa isivyo halali anapaswa kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na mwenye mgogoro mwingine, ukiwemo wa mshahara, ndani ya siku 60. Kwa hiyo aliyeambiwa arudi nyumbani na aombe amri hiyo kwa maandishi siku ileile, aweke nakala ya kila cheti, na amwone mwakilishi wa chama chake au Ofisa Kazi kabla siku hizo hazijaisha.