Haki ya mgonjwa wa mwisho

Ugonjwa ukibakiza wagonjwa wachache, je, haki yao nayo inapungua? Swali hili linaihusu Maniema ya kusini, kwa kuwa Kasongo na Kabambare ni miongoni mwa maeneo ya Kongo yanayojulikana kwa malale, ugonjwa wa usingizi unaoenezwa na mbung'o. Mwaka 1998 nchi nzima iliandikisha wagonjwa zaidi ya 26,000. Tangu 2018 hawafiki 1,000 kwa mwaka. Basi fedha zihamie kwenye malaria na surua, husemwa, maana ndizo zinazowamaliza watoto. Hoja hiyo ina uzito, na wanaoitoa hawakosi huruma. Lakini karibu na uhuru wa 1960 malale yalikuwa yamebanwa vivyo hivyo. Timu za kupima vijijini zikasambaratika, na katika miaka 40 wagonjwa wakarudi kwa maelfu. Vimelea hukaa mwilini miezi, hata miaka, kabla ya kumlaza mtu, na mbung'o anayemuuma huweza kuvipeleka kwa jirani.

Hata hivyo, haki ya mgonjwa haipaswi kuegemezwa kwenye hatari anayowaletea wengine. Huko ni kumwona kama chanzo cha maambukizi tu. Wakristo wa Kasongo wanamjua mchungaji aliyewaacha kondoo 99 akamtafute mmoja. Waislamu wake, jamii ya tangu zama za mfanyabiashara Tippu Tip, wanafundishwa kwamba uhai wa mtu mmoja una uzito wa watu wote. Dini zote mbili zinaanza na mtu, hesabu inafuata.

Wapo watakaosema maradhi ni majaliwa ya Mungu. Sawa, lakini dawa je? Melarsoprol ya zamani, yenye aseniki, iliua takriban mgonjwa 1 kati ya 20. Fexinidazole, iliyojaribiwa kwa Wakongo wenyewe na kuidhinishwa mwishoni mwa 2018, ni vidonge vya siku 10. Kinachoweza kumnyima mtu wa Kabambare vidonge hivyo ni barabara mbovu, bunduki na uhaba wa wapimaji, mambo ambayo yote ni ya mikono ya watu. Shirika la Afya Duniani linataka maambukizi yakome ifikapo 2030. Lakini kijiji kisichopimwa nacho huandikiwa sifuri. Kwa hiyo kabla ya kuuliza wamepatikana wagonjwa wangapi, Kasongo na Kabambare ziulizwe ni vijiji vingapi vimefikiwa.